Gari la Kuishi Humo: Coaster, Hiace au Land Cruiser?

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaotaka kuhama nyumba na kuishi ndani ya gari, wakisafiri mwaka mzima. Tumezifupisha, na majibu yetu yako chini ya kila moja.

Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Moshi. Tumepangisha nyumba, na mimi na mke wangu tunataka kuzunguka Tanzania, Kenya na Uganda bila haraka. Fundi mmoja anasema tuchukue Hiace, mwingine anasema bila Land Cruiser tusijisumbue. Tushike lipi?

Shikamoo mwalimu. Wekeni majina ya magari pembeni kwanza. Mvua ya masika imeanza saa nane mchana na haikatiki mpaka usiku: nyinyi wawili mtakuwa mnafanya nini humo ndani? Mtapikia wapi? Mtavaa nguo mkiwa mmesimama au mmejikunja? Usiku mmoja akitaka kutoka, atamruka mwenzake? Wa likizo ya wiki mbili huvumilia yote hayo. Anayeishi garini mwaka mzima huchoshwa na kuinama kuliko anavyochoshwa na barabara mbovu.

Kwa kipimo hicho Land Cruiser 78 inaanguka mapema. Ni gari imara mno, lina matangi mawili ya lita 90 kila moja, na linapita pasipopitika. Lakini ndani yake hamsimami mpaka mkate bati la juu mweke dari la kuinuka, na hata lililochoka huuzwa ghali kuliko Hiace nzuri. Lingekuwa chaguo letu kama mngekuwa wa Turkana na Katavi kila mwezi. Hiace ndefu yenye dari la juu ina kama mita 1.6 kutoka sakafuni hadi darini, kwa hiyo nayo ni ya kuinama.

Ushauri wetu ni Coaster, tena ile fupi ya mita 6.25 badala ya ile ya karibu mita 7. Mtu wa kimo cha kawaida anasimama humo. Tafuteni ya kizazi kilichoanza 1993 yenye injini ya 1HZ: silinda 6, cc 4,164, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, si ya kompyuta. Ndiyo injini iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za hapa nyumbani, kwa hiyo fundi wa Babati na wa Mbarara wote wanaijua. Milimani haina mbio. Mlima wa Kitonga mtaupanda nyuma ya malori, na mzoee tu. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini inafunguliwa yote, kwa hiyo kama muuzaji hana ushahidi ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haujabadilishwa, na ubadilisheni kabla ya safari.

Kinachoua Coaster ni kutu kuliko injini. Nyingi huanzia kwenye raba za madirisha: raba ikikakamaa, maji hupenya, hushuka ndani ya ukuta na kukaa chini, mahali msipopaona. Siku ya kukagua nendeni wawili. Mmoja amwage maji ya mpira juu ya dari na madirishani kwa dakika kumi, mwingine akae ndani na karatasi ya chooni, apapase kingo zote za chini za madirisha. Karatasi haifichi unyevu. Kisha inueni zulia kwenye ngazi ya mlango na juu ya matairi ya nyuma. Mwisho fundi alale chini na nyundo ndogo, agonge chesisi taratibu, hasa pale springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu isiwafurahishe. Muulizeni muuzaji inaficha nini.

Injini ikishapata moto, fungueni kifuniko cha kujazia oili ikiwa inaunguruma. Mvuke mdogo ni kawaida. Moshi unaopiga kwa mikupuo ni ringi zilizokwisha, na hapo mnakata gharama ya kufungua injini kwenye bei ya gari au mnaondoka.

Mawili ya karatasi. Coaster ikiwa ilikuwa daladala, ina namba nyeupe ya biashara, nayo lazima ihamishiwe matumizi binafsi TRA ipate namba ya njano, na bima ifuate matumizi hayo. Pili, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kuhusu uzito wa magari inahusu magari kuanzia tani 3.5, na Coaster iliyopakia inavuka hapo. Mtapita mizani, kwa hiyo lipimeni gari mkishamaliza kulijenga ili msishangazwe njiani. Kwa kuvuka mipaka, bima ya kadi ya njano ya COMESA inafanya kazi Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na hutolewa Tanzania pia.

Mimi ni dada wa Nakuru, kazi yangu ni ya kompyuta na nitaishi peke yangu garini. Nimeamua ni Hiace. Naambiwa dizeli ya 3.0 haili mafuta, lakini wengine wanaikimbia. Pia, nikiweka kitanda kwa upana si nitaokoa nafasi?

Wanaoikimbia wana sababu. Dizeli ya 3.0, ile ya 1KD, ina washa za shaba (pete ndogo za kuziba) chini ya nozeli zinazonyunyiza dizeli. Zikianza kuvuja, gesi ya mwako hupenya, huingia kwenye oili na kuigeuza masizi. Masizi hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chekecheo la pampu ya oili, na injini inayokosa oili hufa njiani bila kukupa siku nyingi za onyo. Dalili yake utaisikia asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: mlio mkali wa kugonga wa dakika moja au mbili, kisha unapungua. Kwa hiyo ukienda kuona gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye injini. Ikiwa vuguvugu, rudi kesho. Anayebadilisha washa hizo bila kushusha sampu na kuosha chekecheo amefanya nusu ya kazi.

Zaidi ya hapo, Hiace nyingi za dizeli zilizotoka Japani miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na hicho hutaka mwendo mrefu wa moto ili kijisafishe. Wewe utakaa Naivasha wiki mbili, uende dukani na kurudi. Ndiyo matumizi yanayokiziba.

Piga hesabu uone. Ukienda kilomita 15,000 kwa mwaka, petroli ya 2.7 kwa kilomita 9 kwa lita inakunywa lita 1,667. Dizeli kwa kilomita 11 inakunywa lita 1,364. Tofauti ni lita 300 hivi kwa mwaka mzima, na seti ya nozeli inaweza kumeza akiba hiyo ya miaka kadhaa. Petroli hiyo pia inatumia cheni badala ya mkanda. Chukua petroli.

Kitanda cha upana: jipime ukiwa umelala, vidole vya miguu vimenyooka. Hiace ya bodi pana ina kama mita 1.73 ndani. Ukiweka kizuia joto na plaiwudi pande zote mbili unabaki na 1.65. Ukiwa na futi 5 na inchi 2 unatosha vizuri. Ukizidi futi 5 na inchi 4, lala kwa urefu. Bodi nyembamba usiijaribu kwa upana hata kidogo.

Uzito nao uandike kabla ya kumwita seremala. Maji lita 80 ni kilo 80. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ina zaidi ya kilo 30, na tatu zinakaribia mia. Ongeza friji na vilivyomo 40, betri na paneli 35, mtungi wa gesi wa kilo 6 uliojaa kama 13, godoro 20, vyakula, nguo na vyombo 120, spana na jeki 30, na mwili wako mwenyewe. Tayari uko kwenye nusu tani. Kibati cha uzito kwenye nguzo ya mlango kinakuambia mwisho wako. Tangi la maji likae mbele ya ekseli ya nyuma, kamwe lisiwe nyuma yake, kwa sababu uzito uliotundikwa nyuma unainua pua, na kwenye tope usukani unakuwa mwepesi wakati unapouhitaji uwe mzito. Tairi ziwe zenye herufi C au LT, si za magari madogo, na usome tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Ukinunua iliyokuwa matatu, hakikisha NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, imeibadilisha kuwa ya binafsi kabla hujalipa yote. Ukiagiza nje, Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8.

Niko Dodoma. Coaster yangu ina betri mbili. Fundi alichukua umeme wa friji na taa kwenye betri moja ili apate volti 12. Miezi mitatu betri moja ikafa, nikanunua nyingine, nayo imekufa. Je, nauziwa feki?

Hapana, kosa liko kwenye waya. Coaster yako ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Altaneta inazichaji kama kitu kimoja na haijui kwamba moja inanyonywa. Ile ya friji haijai kamwe, inajenga chumvi kwenye sahani zake na kufa. Mwenzake, ambayo haikutumika, inalazimishwa chaji kupita kiasi na kuchemsha maji yake. Ukinunua betri mpya kumi, zitakufa kumi.

Toa waya huo leo. Nunua chaja ya kushusha volti 24 hadi 12, ya ampea 20 au 30, ichaji betri ya tatu ambayo ni ya nyumba peke yake. Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50 kwa joto la huko hula kama ampea-saa 35 hadi 50 kwa siku. Taa, simu na kompyuta ongeza 20. Sema 70, yaani karibu wati-saa 900. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inabeba siku moja, ya 200 inakuvusha siku ya mawingu. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo 200 yake ni kama 100. Paneli za wati 400 kwa jua la saa 5, ukitoa hasara ya theluthi, hurudisha zaidi ya matumizi yako. Usizibandike kwenye bati. Acha upenyo wa sentimita 4 upepo upite chini yake, maana paneli ikichemka hupunguza umeme.

Fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Waya ulioko kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ukichubuka ukagusa bodi, gari linaungua.

Niko Leicester, Uingereza. Nina Mercedes Sprinter ya 2016 niliyoijenga kuwa nyumba. Nitaisafirisha Mombasa nihamie nayo moja kwa moja.

Usiisafirishe, ndugu. Imeshapita miaka 8 ya Kenya. Uganda mpaka ni miaka 15, na Tanzania inaipokea kwa kodi ya ziada ya uchakavu. Hata hivyo, Sprinter za Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari) zinadai maji ya urea ya kusafishia moshi kwenye ekzosi. Mfumo ukipata hitilafu, gari linahesabu mara zilizobaki za kuwaka, kisha linakataa, na kompyuta ya kulifungua hutaikuta Garissa. Liuze huko, uje na friji, betri, chaja na feni. Hivyo ndivyo vyenye thamani humo, na vinaingia kwenye Hiace au Coaster yoyote.

Tuko Makambako, baridi kali. Tukiingiza jiko la mkaa garini tukafungua dirisha kidogo, si inatosha?

Haitoshi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na anayelala hapati nafasi ya kuihisi. Hata jiko lililofifia, lenye majivu juu, bado linaitoa. Libaki nje, na lisiingizwe hata likiwa limezimwa jioni hiyo hiyo. Pikeni kwa gesi mlango ukiwa wazi, mtungi ukae ndani ya sanduku lililozibwa upande wa chumbani na lenye tundu sakafuni linalotokea nje, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka. Joto la usiku litafuteni kwenye mablanketi na kizuia joto cha ukutani.

Na msizibe gari lote kwa kuogopa baridi. Pumzi za watu wawili hulowesha bati usiku kucha, asubuhi maji yanatiririka na godoro linaota ukungu chini. Acheni tundu moja chini na jingine juu, yote yenye wavu wa mbu, na godoro liwekwe juu ya vibao vyenye nafasi ya vidole viwili kati yake.