Upekuzi Bila Hati: Kwa Wanaoanza Kazi ya Sheria Mwanza

Vijana wanaoingia katika ofisi za uwakili na za msaada wa kisheria hapa Mwanza huwa na swali moja wanalomwuliza kila mteja aliyepekuliwa: askari walikuwa na hati? Mteja akijibu hapana, wao huona kesi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaruhusu upekuzi bila hati ya mahakama katika mazingira kadhaa, na kazi yetu ni kujua askari alitumia ruhusa ipi na kama aliivuka mipaka yake. Namba za vifungu ninazozitaja ni za toleo la 2022. Kabla ya kuzinukuu mbele ya hakimu, zilinganishe na toleo linalotumika siku hiyo.

Upekuzi wa mwili wa mtu aliyekamatwa hauna mgogoro mkubwa. Kifungu cha 24 kinamruhusu askari kumpekua na kuvihifadhi vitu atakavyomkuta navyo, isipokuwa mavazi ya lazima, kwa hiyo usijichoshe kudai hati kwa simu iliyotolewa mfukoni. Mtuhumiwa akiwa mwanamke, kifungu cha 26 kinataka apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuzingatia staha. Jambo hilo liulize wewe mwenyewe, tena faragha, kwani wapo wanaoona haya kulitaja mbele ya ndugu zao.

Ugumu huanza upekuzi unapotoka mwilini na kwenda chumbani. Kumkamata mtu sokoni hakumpi askari ruhusa ya kufungua nyumba yake, ambayo inalindwa na Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977. Chini ya kifungu cha 38, mkuu wa kituo anaweza kupekua mwenyewe, au kumpa askari aliye chini yake idhini ya maandishi, endapo ameridhika kwamba kitu kinachohusiana na kosa kipo mahali hapo na kwamba kuchelewa kutafanya kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Idhini ya namna hiyo si karatasi ya hakimu, lakini ni halali, na mteja anayesema hakuonyeshwa hati ya mahakama huenda alionyeshwa hiyo asiitambue. Kifungu cha 42 kinahusu dharura: askari anaweza kuingia bila karatasi yoyote, ikiwa ana sababu za msingi za kuamini kwamba ni lazima afanye hivyo ili kitu kisipotee, na ikiwa uzito na uharaka wa jambo hauruhusu kusubiri.

Dharura ndiyo sehemu ya kuchimba. Tuseme kijana amekamatwa Mwaloni Kirumba saa nne asubuhi kwa tuhuma za kuficha injini ya boti iliyoibwa, akashinda mahabusu, kisha saa mbili usiku akapandishwa kilimani Mabatini, kule nyumba zilikojengwa juu ya mawe, chumba chake kikapekuliwa. Kituo kilikuwa na saa kumi za kuandika idhini, na mtuhumiwa alikuwa mikononi mwao muda wote huo. Nani alitarajiwa kuihamisha injini? Huenda jibu lipo, mathalani mshirika wake alikuwa bado hajakamatwa na ana ufunguo, lakini jibu hilo litoke kinywani mwa mpelelezi akiwa kizimbani, wala si katika dhana ya wakili wa Serikali. Sasa tuseme injini hiyohiyo imefungwa kwenye boti inayotweka nanga kuelekea Ukerewe. Kifungu cha 42 kinataja pia vyombo vya majini, na kwa maoni yangu pingamizi la kukosa hati hapo ni kupoteza muda wa mahakama.

Kesi za nyara za Serikali, yaani za watu wanaokutwa na nyama, ngozi au pembe za wanyamapori, ambazo huku kwetu hutokea sana upande wa Serengeti, zisomwe pamoja na kifungu cha 106 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Humo nyumba ya kuishi haiingiwi bila hati isipokuwa mbele ya shahidi huru walau mmoja.

Baada ya hapo omba stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa, ambayo kifungu cha 38(3) cha Sura ya 20 kinataka itolewe na iwe na saini ya mwenye nyumba, au ndugu yake wa karibu, au anayeishikilia, pamoja na ya mashahidi kama walikuwapo. Isome taratibu. Angalia saa iliyoandikwa, namba ya injini au ya simu, kama wino na mwandiko ni uleule juu hadi chini, na dole gumba ni la nani. Mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi akiwa ametia saini, mwulize alikuwa amesimama wapi kitu kilipoonekana mara ya kwanza, kwa sababu shahidi aliyeitwa kikiwa tayari kiko mezani ameshuhudia meza tu. Ufuatilie na mkondo wa makabidhiano ya kielelezo, yaani kitu kinacholetwa mahakamani kama ushahidi kilipita mikononi mwa nani na nani tangu kilipochukuliwa, ambao Mahakama ya Rufani iliueleza vizuri katika shauri la Paulo Maduka na wenzake.

Hata ukithibitisha kasoro, kielelezo hakitupwi moja kwa moja. Chini ya kifungu cha 169 mahakama inapima: kosa lina uzito gani, kulikuwa na uharaka gani, sheria imevunjwa kwa kiasi gani, na kama ushahidi huohuo ungeweza kupatikana kihalali. Mzigo wa kuishawishi mahakama uko kwa anayetaka kielelezo kipokelewe, na vijana wengi huubeba wao bila kuombwa. Pingamizi litolewe kabla kielelezo hakijapokelewa. Kikiwa ni nyaraka, shauri la Robinson Mwanjisi linataka kisomwe mahakamani baada ya kupokelewa. Stakabadhi iliyopokelewa kimyakimya bila kusomwa ni hoja nzuri ya rufaa, kwa hiyo andika kwenye daftari lako ilisomwa au haikusomwa, siku hiyohiyo.