Mdogo wangu, usiisingizie aljineti

Juzi usiku kijana mmoja aliyepangiwa kazi Kigoma aliniandikia: "Shikamoo kaka. Aljineti inaniaibisha. Meno ya bandia yakirudi kutoka maabara hayamkai mgonjwa. Nihamie silikoni?" (Aljineti ni unga tunaokoroga na maji kuchukua alama ya meno na ufizi mdomoni, ili maabara itengeneze meno ya bandia; silikoni hufanya kazi hiyo hiyo.) Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka. Huyo ni mimi wa miaka 9 iliyopita, hapa hapa Tabora.

Nilikuwa na cheti kipya, koti jeupe lililonyooshwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na maneno mengi. Akaja bibi mmoja kutoka Sikonge, meno manne ya mbele ya juu hana. Nikamchukua impresheni, yaani hiyo alama ya mdomo, kwa aljineti, ikatoka safi, kila pindo la ufizi linaonekana. Nikaiviringishia pamba iliyolowa chapachapa, nikaitia kwenye mfuko, nikampa kondakta wa basi aifikishe maabara mji mwingine. Nilijiona daktari bingwa.

Meno yaliporudi yalimkaa bibi kama kofia ya kuazima. Akisema "salama" yanadondoka. Bosi wangu wa wakati huo akaniambia mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi: "Wewe ungefaa kuziba pancha za baiskeli." Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Tabora hii baiskeli zimejaa, na mpaka leo nikipita kwa fundi mwenye beseni lake la maji naangalia upande wa pili.

Kosa nilikuja kulielewa baadaye. Aljineti ikishaganda, sehemu kubwa yake ni maji. Ukiiacha hewani inayatoa, inasinyaa. Ukiilowesha inayanywa, inavimba. Mimi ile pamba iliinywesha upande mmoja, upande mwingine ukakaukia njiani. Kwa hiyo mimina plasta ndani ya impresheni mapema, upate modeli ya meno, ndani ya dakika 10 hadi 15. Ukikwama, ifunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ndani ya mfuko uliofungwa, na usipitishe nusu saa. Kinachopanda basi ni modeli ya plasta iliyokwisha kukauka. Impresheni ya aljineti haisafiri. Narudia: haisafiri.

Jambo la pili, maji ya kukorogea. Maji ya moto huharakisha kuganda, na Oktoba hapa kwetu maji ya tenki saa nane mchana unaweza kuyakorogea uji. Niliwahi kugandishiwa kwenye bakuli kabla trei ya kuibebea haijafika mdomoni. Nikachukua mtungi wa udongo, nikauweka kwenye kona ya chumba cha kazi. Wenzangu walinicheka, wakaniita mganga wa kienyeji. Sasa hivi nao wanakuja kuchota. Maji ya nyuzi 20 hivi yanakupa nafasi ya kupumua. Tikisa kopo la unga kabla ya kupima, maana unga ulioshindiliwa hukudanganya kipimo. Na wakati wa kutoa mdomoni, vuta mara moja kwa nguvu. Ukibembeleza, inachanika.

(Unga wenyewe unatokana na mwani wa kahawia. Si ule wa Zanzibar, ule ni wa jamii nyingine. Vita Kuu ya Pili ilipofanya agaa kutoka Japani, iliyotumika kabla yake, iadimike, ndipo aljineti ikashika nafasi yake kwenye meno.)

Silikoni? Ni nzuri, sikatai. Ile ya aina ya adisheni hukaa siku kadhaa bila kubadilika umbo, hata ukiipeleka kwa treni ya Kigoma kwa mwendo wake. Lakini bei yake unaijua. Tena ukiikanda na glavu za mpira wa kawaida haigandi, inabaki kama ubani uliotafunwa. Hilo nalo lilinipata, na nilijilipia mwenyewe. Kijana asiyeheshimu saa atamwaga silikoni vilevile alivyomwaga aljineti. Vijana mnapenda kununua kitu kipya ili msijirekebishe. Mimi sikununua kitu, nilijirekebisha. Heshimuni saa, wadogo zangu. Heshimuni maji.

Bibi nilimrudia mwenyewe. Nilikorogea maji ya mtungini, nikamimina plasta hapo hapo, nikasubiri mkononi ikauke. Safari hii meno yalikaa, akasema "salama" mara tatu, na sikumtoza hata senti. Bosi hakusema neno.

Miezi kadhaa baadaye nikamkuta sokoni anatafuna hindi la kuchoma kwa meno ya pembeni, mbele pengo tupu. Moyo ukanipasuka.

"Shikamoo bibi. Meno yamekuumiza tena?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hapana, yapo." Akafungua pindo la kanga, akanionyesha, yamefungwa kwenye leso safi. "Haya ni ya harusini."