Kutafuta makala PubMed: usibandike kichwa kizima

SWALI: Ndugu Mhariri, nasomea uuguzi Morogoro na utafiti wangu unahusu matumizi ya vyandarua kwa wajawazito Tanzania. Nikibandika kichwa chote kwa Kiingereza kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, napata makala chache, na hata ninazozijua hazimo. Nikiandika malaria tu, zinamiminika maelfu. Nakosea wapi?

JIBU: PubMed huunganisha kwa AND (yaani yote yawepo) maneno unayoyaandika. Ukiweka "factors influencing utilization", makala inayokosa hata neno moja kati ya hayo inaachwa nje, hata kama inahusu vyandarua mwanzo mwisho. Yafute yote. Mada yako ina mambo matatu tu: chandarua, ujauzito, Tanzania.

Kila jambo litafute peke yake, ukiunganisha majina yake yote kwa OR (yaani lolote kati yao), herufi kubwa. ITN na LLIN hapa chini ni vifupisho vya Kiingereza vya vyandarua vyenye dawa na vyenye dawa ya muda mrefu:

"mosquito net*" OR "bed net*" OR bednet* OR ITN OR LLIN

pregnan* OR antenatal OR maternal

Tanzania* OR Zanzibar

Kisha fungua ukurasa wa Advanced, chini ya kisanduku cha kutafutia. Utakuta kila utafutaji umepewa namba. Andika #1 AND #2 AND #3. Njia hii inakuepusha na kosa linalowapata wengi: PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo malaria AND nets OR bednets bila mabano huleta kila makala yenye bednets, iwe na malaria au isiwe nayo.

Nyota (*) huleta miisho yote ya neno, lakini chunga unapolikata. Ukiandika preg* utaletewa pia pregabalin, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, ambayo haina uhusiano wowote na kliniki ya wajawazito. Kata baada ya pregnan. Net* ikiwa peke yake nayo haifai, kwani PubMed hutaka angalau herufi nne kabla ya nyota. Jua pia kwamba ukiweka nyota, PubMed haikutafutii tena visawe vya neno hilo. Ndiyo maana antenatal na maternal tumeziandika wenyewe.

Matokeo yakiwa mengi bado, punguza kwa kuchagua miaka upande wa kushoto. NOT iogope sana. Ukiandika NOT child*, makala inayozungumzia wajawazito pamoja na watoto wa chini ya miaka 5 itaondoka, na katika mada ya vyandarua makundi haya mawili huchunguzwa pamoja mara nyingi.