Jibu: Kwa nini stomata hufunguka mchana wakati maji yanapotea?

Ndugu, umeuliza kwa nini mmea hufungua stomata, yaani matundu madogo sana ya jani, mchana, wakati jua ni kali na maji hupotea kwa wingi. Sababu ni kwamba usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula, huhitaji mwanga na kabonidayoksaidi kwa wakati mmoja, na gesi hiyo huingia jani hasa kupitia matundu hayo. Kila tundu limezungukwa na seli linzi mbili: ayoni za potasiamu zikiingia ndani yake, maji hufuata, seli huvimba na kupinda, nalo tundu hufunguka. Udongo ukikauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huzilegeza seli hizo, na tundu hufunga.

Hata hivyo, mimi nisingeuita upotevu mtupu, ingawa zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani. Mvuke unaotoka majanini ndio unaovuta maji na madini kupitia zailemu, yaani mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, kwa kuwa molekuli za maji hushikamana kama uzi usiokatika, kama walivyoeleza wanasayansi Henry Dixon na John Joly mwaka 1894. Kwa njia hiyo maji hufika kileleni mwa miti inayopita mita 100, tena kupitia mirija ya seli zilizokwisha kufa, jambo linalonistaajabisha hadi leo. Sukari husafirishwa na floemu, mirija mingine ya mmea, ambayo seli zake za kusafirisha ni hai.