"Biweekly" ni mara mbili kwa wiki au kila baada ya wiki mbili? Jibu la aliyewahi kuona neno hili likila mtaji pale mwaloni Kirumba

Mkuu, umesema umepata kazi ya mtandaoni kwa kampuni ya Marekani, mkataba unasema dola 200 "biweekly", wewe unashikilia ni mara mbili kwa wiki, mwenzako mnayekaa naye geto hapo Nyegezi anashikilia ni kila baada ya wiki mbili, na mmeshawekeana dau la kreti ya soda. Soda anywe yeye. Ila asikutambie kwamba amekushinda kingereza maana kwenye kingereza hajakushinda, nyote wawili mko sawa na hapo ndo balaa lilipo.

Fungua kamusi kubwa yoyote ya kingereza, Oxford au Merriam-Webster, utazikuta maana zote mbili zimekaa pamoja, na hakuna iliyoandikiwa kwamba hii ni kosa. Watu humu mnabishana kama vile kuna ofisi mahali inatoa hati ya maana halali. Haipo. Sisi tuna BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, kingereza hakina chombo cha namna hiyo, watunga kamusi wao wanaangalia watu wanalitumiaje neno wanaandika hivyohivyo, na wenye lugha yao wanalitumia kotekote.

Kisa chote ni hiyo "bi" ya mbele. Ni ya Kilatini, ina uhusiano na mbili na pia na mara mbili. Baiskeli ni magurudumu mawili, hapo hakuna ubishi. Lakini ukienda hospitali daktari akakuandikia dawa BD, hiyo B ni "bis" ya Kilatini, ndo kutwa mara mbili, siyo kila baada ya siku mbili (wengine wanaandika tu 1x2 na mgonjwa anaelewa zaidi). Sasa ukiibandika "bi" kwenye wiki, mmoja anasoma wiki mbili, mwingine anasoma mbili ndani ya wiki, na hakuna wa kumlaumu. Kuna walimu watakwambia basi ya mara mbili kwa wiki iite "semiweekly", semi si nusu, kama semi-fainali, kila nusu wiki kitu kinatokea. Kimantiki sawa kabisa, ila mimi katika maisha yangu ya karatasi za mizigo sikumbuki kama nimewahi kuiona hiyo semiweekly kwenye oda ya mtu.

Kwenye mwaka angalau walijitahidi kugawana, "biennial" ni kila baada ya miaka miwili na "biannual" ni mara mbili kwa mwaka. Mnakumbuka 2021 FIFA na Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, walivyokuwa wanapigia debe Kombe la Dunia la kila miaka miwili, magazeti ya kingereza yakaandika biennial, na bado ukipita kwenye komenti unakuta mtu kaandika biannual, yani Kombe la Dunia mara mbili kwa mwaka, wachezaji si wangekufa.

Sasa niwape ya Kirumba, soko la dagaa hapa Mwanza. Nilikuwa karani kwa mzee mmoja wa dagaa pale mwaloni, kazi yangu kuhesabu magunia, kusimamia mizani, kuandika risiti na kufuatilia roli. Imeili za kingereza alikuwa anazisoma kijana wa mzee, yupo kidato cha sita, msomi wa nyumba. Akatokea mteja mpya wa Zambia, oda imenyooka, idadi ya magunia ipo, bei ipo, afu mwishoni "delivery biweekly". Kijana akamwambia baba yake ni mara mbili kwa wiki. Mzee akaona nyota imewaka, siku hiyohiyo akaanza kutuma advansi kwa matajiri wa mitumbwi visiwani huko Ukerewe ili dagaa wote waje kwake kwanza.

Roli la kwanza likaondoka. Hata halijafika, mzigo wa pili umeshafungwa upo stoo unasubiri gari, mzee anampigia mteja amwambie ajiandae kupokea, mteja anashangaa, mzigo gani tena jamani, mimi nimesema kila baada ya wiki mbili. Ubishi ukaanza kwenye simu, spika ikiwa imewashwa, watu wa stoo za jirani wamejaa mlangoni. Akaitwa mwalimu mmoja wa kingereza anayekaa mtaa wa nyuma, akaja na kamusi yake kwapani, akaifungulia juu ya mizani, vumbi la dagaa linadondokea kwenye kurasa, akapitisha kidole, akasoma maana ya kwanza akaitafsiri, kijana akatabasamu, akasoma ya pili akaitafsiri, kijana akaangalia chini. Mzee akamwambia mwanae, "Ng'wanawane, huyu shahidi wako anashuhudia pande zote mbili." Mwalimu akafunga kitabu.

Na msimu ulikuwa wa mvua. Asiyejua dagaa aelewe hivi: dagaa mkavu akikaa kwenye stoo yenye unyevu anaurudisha mwilini, ananuna, anabadilika rangi, harufu inakuwa nyingine, na akishafika hapo wa chakula cha binadamu wanampita wanabaki wenye mashine za chakula cha kuku, ambao bei wanakupangia wao na hawana haraka. Mzigo ule sehemu yake ikaenda huko. Mteja hatukumkosa, tuliendelea naye, ila ile hasara mzee aliibeba peke yake.

Lakini kitu nilichojifunza pale siyo cha kamusi. Kama tungetuliza kichwa tukaiangalia ile oda kama watu wa ziwa, jibu lilikuwepo. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, taa zinawashwa juu ya maji wanakusanyika, mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Mtu aliyezoea biashara ya dagaa hawezi kuagiza mara mbili kila wiki mwezi mzima kama mkate, anajua kuna siku hamtakuwa nao. Afu kutoka Mwanza mpaka Zambia roli linaivuka nchi nzima, na wote mnaijua foleni ya mpakani Tunduma. Mara mbili kwa wiki ungehitaji maroli mangapi barabarani kwa wakati mmoja? Maana ya neno ilikuwa kwenye mwezi na kwenye barabara, sisi tukaitafuta kwenye kitabu.

Kwahiyo na la kwako lisome hivyohivyo, nani kaandika na anaongelea kitu gani. Kaandika Mmarekani, anaongelea mshahara. Marekani kulipwa "biweekly" ni utaratibu wa kawaida kabisa na ni kila baada ya wiki mbili, mara nyingi Ijumaa, mara 26 kwa mwaka, ndo maana kuna miezi miwili kwenye mwaka watu wanapokea mara tatu. Wasichanganywe na wale wa "semimonthly", hao wanalipwa mara mbili kwa mwezi kwa tarehe, mfano 15 na mwisho wa mwezi, ni mara 24. Mwajiri anayelipa mshahara mara mbili kwa wiki mimi sijamsikia, hata mhasibu wake angeacha kazi. Muingereza yeye angeandika "fortnightly", imetokana na usiku kumi na nne, ukiikuta hiyo lala usingizi haina maana mbili. Shida Wamarekani neno hilo hawana mazoea nalo, vijana wao ukilitaja wanawaza gemu la Fortnite. Na wiki mbili siyo kitu kigeni hata kwetu, angalia jedwali la kima cha chini cha mshahara la serikali, kuna saa, siku, wiki, wiki mbili, mwezi, na ukisema "wiki mbili" kwa Kiswahili chetu hakuna wa kubishana.

Piga hesabu sasa kabla hujamwahidi mwenye nyumba kodi ya mwaka. Dola 200 mara 26 ni 5,200 kwa mwaka, gawa kwa 12 unapata kama 433 kwa mwezi. Kwa hesabu yako ya mara mbili kwa wiki ingekuwa mara 104, dola 20,800. Siyo kwamba ulikosea kidogo, ni mara nne nzima, na naona kwenye swali lako umeshaanza kutaja pikipiki.

Usiwaulize "biweekly maana yake nini", watakujibu "biweekly" tena. Waandikie tu kwamba umeelewa malipo ni dola 200 "every two weeks", wathibitishe, na wakutajie tarehe za malipo mawili ya mwanzo. Ukiona tarehe mbili umemaliza. Na we ukija kuandika oda yako siku moja hilo neno usiliguse, andika siku, andika tarehe.

Kingine ambacho hujauliza, kampuni nyingi za kule zinalipa kwa kuchelewesha, yani wiki mbili zinaisha, hesabu zinafungwa, hela inatoka siku kadhaa mbele au hata wiki nzima. Ukianza kazi Jumatatu hii usishangae hela ya kwanza ikaingia wiki ya tatu, na bado kuna siku za benki kuipokea kutoka nje na makato yao. Hela ya kula mpaka hapo unayo?