Jibu: kipindi cha kila wiki cha muziki mpya wa Ireland, yaliyonikuta mimi hapa Galway

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wetu mmoja aliyeko Limerick ameuliza: redio ya jamii ya huko imempa saa moja kila wiki apige muziki mpya wa Ireland. Hajui nyimbo atazitoa wapi, anauliza kama kuna hela, na anahofia "mimi Mtanzania nitawaambia nini Waairishi kuhusu muziki wao?" Mimi nipo Galway, kipindi cha namna hiyo nakiendesha mwaka wa sita sasa, kila Alhamisi saa moja usiku. Naandika kwa kirefu maana wakati naanza sikuwa na wa kumuuliza.

Hela kwanza, tuimalize: hakuna. Redio za jamii huku zinaendeshwa na watu wa kujitolea. Leseni wanapewa na Coimisiún na Meán, mamlaka ya utangazaji iliyochukua nafasi ya ile ya zamani Machi 2023, na hawapewi ili watengeneze faida. Nauli utajilipia. Utakachopata ni mafunzo ya mitambo bure, na baada ya miezi kadhaa jina lako litaanza kuonekana kwenye orodha ya wageni milangoni mwa kumbi za muziki. Mke wangu anaiita mshahara wa kusimama, kwa sababu ukumbini viti hakuna.

Nyimbo je? Mwezi wa kwanza utazitafuta, baadaye zitakutafuta zenyewe. Anzia Bandcamp, tovuti ambako wasanii wanauza muziki wao wenyewe, tafuta kwa jina la mji: Limerick, Cork, Derry, Belfast. Fungua barua pepe ya kipindi na uitaje hewani kila wiki hata kama unajisikia mjinga. Mimi sasa napata nyimbo kama 60 kwa wiki, na saa moja inabeba 12, au 13 ukiwa bahili wa maneno. Kwa hiyo kazi yenyewe si ile saa moja ya hewani. Ni Jumapili na Jumatatu usiku, watoto wamelala, hedifoni kichwani. Nina sheria moja tu, kwamba wimbo nausikiliza mpaka mwisho. Wapo wanaosikiliza sekunde 20 wakahukumu. Kwa muziki wa huku utaumbuka. Chukua bendi ya Lankum wa Dublin, ambao tuzo ya Choice ya albamu bora ya mwaka wameibeba mara mbili, kwa albamu za 2019 na 2023. Wale wanaweza kukuvutia sauti moja ya mvumo dakika kadhaa kama mtu anayesukuma mlango mzito, halafu ndipo mlango unafunguka. Sekunde 20 ungewatupa.

Sasa hilo la Utanzania wako. Mdogo wangu, unaishi Limerick halafu unauliza hivyo? Tuzo hiyo hiyo ya Choice, albamu ya 2016 ilikwenda kwa kundi la rap la Rusangano Family: mmoja kazaliwa Zimbabwe, mwingine Togo, wa tatu ni mtu wa Clare hapo jirani yako. Ya 2020 akabeba Denise Chaila, mzaliwa wa Zambia, msanii wa huko huko Limerick. Mimi mwenyewe nilikuja na picha ya fidla na filimbi kichwani, na zipo, tena ukizikuta baa siku ya Jumanne mvua ikinyesha utasahau kurudi nyumbani. Ila barua zangu 60 zina rap, zina gitaa za fujo, zina R&B ya vijana ambao wazazi wao ni Wanigeria, zina mtu na kompyuta yake chumbani Mayo. Kaskazini nako, upande ulio chini ya Uingereza, nahesabu. Two Door Cinema Club walioshinda kwa albamu ya 2010 ni watoto wa Bangor, Kaunti ya Down. Mimi napiga kisiwa kizima, na nilisema hivyo siku ya kwanza ili wabishi wabishane mapema.

Kitakachokutoa jasho ni majina.

Sisi tumezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kiairishi kinaandikwa kama mtu aliyemwaga herufi mezani. Mwezi wangu wa tatu hewani nilipata wimbo wa binti anaitwa Caoimhe. Gitaa moja, sauti ya chini, wimbo wa kwanza kuutoa maishani mwake. Nikalisoma jina kwa kujiamini, herufi kwa herufi, kama ningesoma Kaloleni. Wimbo haujafika katikati taa ya simu ya studio ikawaka. Bibi mmoja, mpole kabisa: "Mwanangu, huyo ni mjukuu wangu. Anaitwa Kiiva. Tumejaa jikoni hapa watu kumi na mmoja tunamsubiri, na wewe umetutajia mtu tusiyemjua." Nilitamani meza ya mitambo inimeze. Wimbo ulipoisha nikarudia jina, mara mbili, vizuri, nikaomba radhi. Kuna watu walinicheka wiki nzima, lakini yule bibi alipiga tena wiki iliyofuata kuomba wimbo urudiwe.

Toka hapo, hakuna wimbo unaoingia kwenye kipindi changu kabla msanii hajanitumia ujumbe wa sauti akitamka jina lake mwenyewe. Usimuulize mtu mwingine, hata awe mzawa, kwa sababu hiyo Caoimhe ukienda kusini wengine wanatamka Kwiiva. Nina daftari nimeandika majina yote kwa tahajia ya Kiswahili: Niamh ni Niiv, Tadhg ni Taig, Sadhbh ni Saiv, mji wa Dún Laoghaire ni Dan Liri, ukumbi wetu hapa wa Róisín Dubh ni Roshiin Duv. Herufi zetu zinaweza kazi hiyo kuliko za Kiingereza. Wenzangu wa studio, Waairishi wa kuzaliwa, siku hizi wananiazima daftari kabla ya kuingia hewani, na halirudi bila doa la chai.

Jina lina upande wa pesa pia, wengi hawaujui. Ukimaliza kipindi unajaza orodha ya ulichopiga: msanii, mtunzi, jina la wimbo, dakika. Orodha hizo ndizo zinazosaidia IMRO, chama cha haki za muziki cha huku, kujua mrabaha uende kwa nani. Redio ndogo inaleta senti, sikudanganyi, ila ukikosea kuandika jina hata hizo senti zinapotea njia. Na ile alama ndogo juu ya irabu, wanaiita fada, usiiruke. Seán yenye fada ni jina la mtu. Ukiandika sean bila fada, kwa Kiairishi umeandika "-zee". Umemwita kijana wa miaka 19 mzee kwenye karatasi rasmi.

Balaa la pili lililonikuta ni la lugha. Kuna vijana walinitumia rap ya Kiairishi kitupu. Mdundo mtamu, mistari inateleza, nikaupiga saa moja na dakika kumi. Nilidhani matusi ni ya Kiingereza tu! Kumbe Galway iko mlangoni pa Conamara, ambako Kiairishi ni lugha ya nyumbani, na wasikilizaji wangu wanakijua kuliko meneja alivyotamani usiku ule. Kesho yake aliniita, akanitafsiria mstari kwa mstari kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Kwenye ule wa tatu aliniomba nifunge mlango. Sikufukuzwa, nilipewa onyo. Tangu siku hiyo wimbo wa Kiairishi unakuja na mashairi yake yaliyoandikwa, na yanapita kwanza kwa mwalimu mmoja mstaafu anayejitolea pale Jumatano. Anayasoma kwa furaha kupita kiasi, nadhani ndiyo burudani yake ya wiki.

Ukiwa hewani, usijaze maneno. "Wimbo mzuri sana huu" haimsaidii mtu. Sema jina, mji, walirekodia wapi, wanapiga lini na wapi. Tena litaje jina baada ya wimbo, si kabla tu, kwa sababu anayewasha redio katikati ndiye anayetaka kujua ni nani. Ugeni wako utumie kuuliza maswali ambayo mwenyeji anaona aibu kuyauliza. Mimi nilimuuliza mpiga bodhrán, ile ngoma yao ya mkononi, kwa nini mkono wake mwingine unakaa nyuma ya ngozi, akaongea dakika nne bila kupumua na akaonyesha jinsi anavyobana ngozi sauti ipande. Mwenyeji asingeuliza.

Na wape wasikilizaji kazi. Mwaka 1979 U2 walikuwa vijana wasiojulikana nje ya Dublin, na wasikilizaji wa kipindi cha Dave Fanning kwenye RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, ndio waliopiga kura wimbo gani ukae upande wa kwanza wa santuri yao ya kwanza. Ukachaguliwa "Out of Control". Mimi kila mwisho wa mwezi nawaachia wasikilizaji wachague wimbo mmoja wa kurudiwa. Kura huwa 15, siku nyingine 9, tano kati yake ni za ukoo mmoja. Haidhuru.

La mwisho, uliza mapema nani ana ufunguo wa mlango wa chini. Sisi jengo linafungwa saa kumi na mbili, na vipindi viwili nimevisikiliza nikiwa nje kwenye mvua, simu sikioni, kompyuta ya studio ikipiga nyimbo nilizopanga mwenyewe bila mtu wa kuzitaja majina.