Nairobi hadi New York: ni mwendo wa saa 7 au wa saa 15?

SWALI: Januari ninakwenda New York kumwona binti yangu. Tiketi inasema ndege itaondoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, saa sita usiku na kutua saa moja asubuhi. Kurudi, itaondoka saa sita mchana na kufika Nairobi kesho yake saa nne asubuhi. Yaani kwenda saa 7, kurudi saa 22, na ndege haisimami popote? Nauliza kwa sababu nina dawa ya kumeza kila baada ya saa 12. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Mama, tiketi iko sawa. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, ya kufika ni ya mji unaofika, na Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. (Machi wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7 mpaka Novemba.) Ukitua kule saa moja asubuhi, huku Nairobi ni saa tisa alasiri, kwa hiyo utakuwa umesafiri saa 15. Kurudi, saa sita mchana yao ni saa mbili usiku yetu. Hesabu kutoka hapo hadi saa nne asubuhi: saa 14.

Mbona basi saa moja imepungua? Ni upepo. Umbali wa mkato ni kama kilomita 11,840, na Dreamliner (ndege ya Boeing 787) hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini hiyo ni kasi yake ndani ya hewa, na hewa nayo inatembea. Juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkali zaidi miezi ya baridi. Mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda mnapambana nao, kurudi unawasukuma. Sisi tunaopanga njia za ndege mara nyingi tunauzunguka: kilomita zinaongezeka, lakini mafuta yanayotumika yanapungua.

Usishangae pia ukiona kwenye skrini mnapita Algeria na Morocco. Ramani ya ukutani ingekupitisha Nigeria na Mali, ila dunia ni mviringo na mkato wa kweli unapinda kaskazini. Mkato huo unagusa Darfur, magharibi mwa Sudan, ambayo ndege za abiria zinaikwepa tangu vita vya Aprili 2023.

Kuondoka usiku nako kuna faida. JKIA iko mita 1,624 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, hainyanyui mabawa vizuri, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 hupaa vizuri zaidi kukiwa na baridi.

Kuhusu dawa, acha saa yako ya mkononi kwenye saa za Nairobi. Ukimeza saa mbili usiku kabla ya kupanda, kidonge kinachofuata ni saa mbili asubuhi, mkiwa bado angani, kisha saa mbili usiku tena, ambayo kwa binti yako ni saa sita mchana. Muulize daktari wako jinsi ya kuhamia saa za kule, na vidonge viweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.